Kila Aliyeteremka Hapa: Bagamoyo na Swali la Mwanadamu Mbele ya Madaraka

Kila mwaka, wanafunzi wangu wanaposoma Maadili ya Kikristo, hufika mahali ambapo somo linakuwa gumu. Ni pale tunapouliza: mwanadamu akipewa madaraka, atayafanyia nini? Wapo wanaojibu haraka kwamba binadamu ni mwovu, Biblia imeshasema. Wapo wanaojibu haraka vilevile kwamba Mungu alimwumba kwa mfano wake, kwa hiyo kinachomharibu ni umaskini, malezi mabaya na serikali mbaya. Kila upande una aya zake, na kipindi huisha kabla hatujafika popote.

Mwaka mmoja niliamua kulitoa somo hilo darasani. Tulisafiri hadi Bagamoyo, mji wa kale ulio kama kilometa 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Asubuhi tulitembelea misheni ya Wakatoliki, mchana tukatazama boma la Wajerumani, na jioni tukakaa ufukweni, karibu na mahali wavuvi wanapouza samaki. Mzee mmoja alikuwa ameketi chini ya kivuli akitengeneza wavu wake.

"Shikamoo, babu," wanafunzi walimwamkia.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmetoka kuangalia magofu?"

Mmoja wao akamweleza kwamba tunasoma habari za waliotawala pwani hii, na tunataka kujua ni nani kati yao aliyewafaa watu. Mzee akacheka kidogo bila kuinua macho. "Kila aliyeteremka hapa alisema amekuja kutusaidia," akasema. "Hata mwenye bunduki alisema hivyo hivyo." Kisha akaendelea na wavu wake.

Insha hii ni jaribio langu la kuyatafakari maneno ya mzee yule. Nimeyabeba tangu siku ile, na kadiri ninavyosoma historia ya pwani hii ndivyo ninavyoona kwamba yamegusa jambo ambalo wanafalsafa wakubwa walilipita.

Majibu mawili ya wanafalsafa

Katika Ulaya ya zamani wapo wanafikra wawili ambao majibu yao bado yanatumika hadi leo, hata na watu ambao hawajawahi kusikia majina yao.

Wa kwanza ni Thomas Hobbes, Mwingereza. Kitabu chake Leviathan kilitoka mwaka 1651, miaka miwili baada ya Waingereza kumkata kichwa mfalme wao, Charles wa Kwanza. Nchi yake ilikuwa imepasuliwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hobbes aliona kwamba watu wakiachwa bila mamlaka ya kuwatisha wote, kila mmoja atamwogopa mwenzake na kumshambulia kabla hajashambuliwa. Dawa yake ni watu kupatana na kumkabidhi mtawala mmoja nguvu zote, ili hofu ya mtawala izidi hofu ya jirani.

Wa pili ni Jean-Jacques Rousseau, aliyezaliwa Geneva mwaka 1712. Katika maandishi yake ya mwaka 1755 juu ya asili ya kutokuwepo usawa, alidai kwamba mwanadamu wa mwanzo hakuwa mkatili. Alikuwa na huruma ya kuzaliwa nayo. Kilichomharibu ni mali, majivuno na kujilinganisha na wengine. Kwa hiyo ukibadili mipango ya jamii unaweza kumpata mtu mwema tena.

Tumezoea kuwaona wawili hawa kama mashariki na magharibi. Lakini kuna kosa ambalo wote wanalo. Katika mapatano ya Hobbes, raia wanafungana wao kwa wao, ila mtawala mwenyewe hafungwi na mapatano hayo. Watu wote ni hatari, isipokuwa yule mmoja anayepewa upanga, ambaye tunaombwa tumwamini. Rousseau naye aliandika kitabu kizima juu ya malezi bora ya mtoto, ilhali watoto wake mwenyewe watano aliwapeleka mmoja baada ya mwingine kwenye nyumba ya watoto waliotupwa. Aliona uovu katika mipango ya jamii, lakini hakumwona aliyeshika kalamu.

Kuna kisa ambacho wengi tulikisikia utotoni, cha mtu aliyehesabu punda wake njiani akakuta mmoja amepungua. Alihesabu tena na tena, akaanza kulia. Hakumhesabu yule aliyempanda. Nikisoma historia ya Bagamoyo namwona mtu huyo kila mahali.

Mji wa kubwaga moyo

Jina la mji wenyewe lina maana mbili zinazoshindana. Wengine husema wapagazi waliofika hapa kutoka bara, baada ya miezi ya kutembea na pembe za ndovu mabegani, walibwaga mizigo na mioyo yao ikapumzika. Wengine husema mateka waliofikishwa hapa, wakiona bahari mbele yao, walikata tamaa na kuiacha mioyo yao nyuma. Sihitaji kuamua kati ya maana hizi, maana watu wa namna zote mbili walipita. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira na kuijua thamani ya kazi yao. Katika njia hiyo hiyo walitembezwa watu waliofungwa.

Kilichonishtua ni kwamba biashara ile haikuendeshwa na majambazi waliojificha. Iliendeshwa na watu wenye heshima zao, wenye dini, waliosali na kufunga, waliolea yatima wa ndugu zao. Wafadhili walikuwa Unguja, na wanunuzi wa pembe walikuwa Ulaya na Marekani, wakizitengeneza vitufe vya kinanda. Kule Marekani na Ulaya wapo walioimba nyimbo za Kikristo kwa vinanda vilivyotengenezwa na pembe zilizopita hapa. Kila mmoja katika mnyororo ule aliweza kumwonyesha kidole aliyemtangulia.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, kwa kulazimishwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja na kukataza usafirishaji wao baharini. Soko lilifungwa, lakini utumwa wenyewe uliendelea mashambani na majumbani kwa miaka mingi. Katika Tanganyika sheria ya kuufuta kabisa ilikuja mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Kijiji cha uhuru

Mwaka 1868 mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, akina Antoine Horner na Étienne Baur, walianzisha misheni Bagamoyo. Sisi Walutheri tunapaswa kusema wazi kwamba ndugu zetu hawa walifanya jambo kubwa. Waliwakomboa watu, hasa watoto, kwa kuwanunua kutoka utumwani. Waliwapa chakula, elimu na ufundi. Walipanda minazi na miti ya matunda. Wengi wa wamisionari walikufa vijana kwa homa, na kimbunga cha mwaka 1872 kilipobomoa majengo yao, walijenga tena. Mwaka 1874 ni katika misheni hiyo ulipolazwa mwili wa David Livingstone, uliobebwa kutoka bara na akina Susi na Chuma, kabla ya kuvushwa kwenda Unguja.

Kwa waliokombolewa mapadre walijenga kijiji cha Kikristo, ambako vijana walipooana walipewa nyumba na shamba. Wazo lao lilikuwa karibu na lile la Rousseau, ingawa wao wangekataa kufananishwa naye: mtoe mtu katika mazingira mabaya, mweke katika mazingira mapya yaliyopangwa vizuri, na utampata mtu mpya. Kengele iliamsha, kengele ilipeleka shambani, kengele ilipeleka kanisani. Walifanya kazi katika mashamba ya misheni na waliishi chini ya kanuni kali.

Baadhi ya waliokombolewa walitoroka, na wengine walibaki wakinung'unika. Mapadre walihuzunika, wakaona kwamba watoto wao hawana shukrani. Wengine tungehitimisha kwamba mazoea ya utumwa yalikuwa yamewaharibu watu wale. Mimi naona jambo jingine. Mtu aliyenunuliwa ili awe huru, kisha akaambiwa saa ya kuamka, saa ya kulima na mahali pa kuishi, na ambaye hana pa kumshtaki aliyemkomboa, bado hajakabidhiwa uhuru wake. Mapadre walijua dhambi ya mwuza watumwa na walijua udhaifu wa mtumwa. Hawakuona kwamba mwenye kutenda mema naye anaweza kupenda kutawala. Wema wao ulikuwa wa kweli, na ndiyo sababu ilikuwa vigumu kuukagua.

Bunduki iliyokuja kusaidia

Mwishoni mwa mwaka 1884 Carl Peters alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akikusanya alama za machifu kwenye karatasi ambazo hawakuweza kuzisoma. Februari 1885 Kaisari wa Ujerumani akampa barua ya ulinzi. Aprili 1888 Sultani Khalifa aliikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani, na Agosti mwaka huo maofisa wa kampuni wakaja kuichukua miji. Kule Pangani, Emil von Zelewski aliwadharau wenyeji na liwali wao kiasi kwamba mji wote ulichemka. Septemba vita vilikuwa vimeenea pwani, Bagamoyo ikiwamo.

Kiongozi aliyejulikana zaidi alikuwa Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa Pangani. Kaskazini ya Bagamoyo, Bwana Heri wa Saadani aliwaongoza Wazigua. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi mrefu juu ya vita hivyo, ambao bado unasomwa. Watoto wetu shuleni hujifunza kwamba Abushiri alikuwa shujaa aliyepinga ukoloni, na ni kweli alipinga. Lakini miwa ya shamba lake ilikatwa na watumwa. Januari 1889 wapiganaji wake walishambulia misheni ya Wabenediktini kule Pugu, wakaua na kuteka. Mtu huyo huyo, hata hivyo, hakuigusa misheni ya Bagamoyo, na maelfu ya wakimbizi walijihifadhi humo wakati wa vita.

Bunge la Ujerumani lilitoa marki milioni 2 kwa ajili ya kuikomesha vita hiyo, na sababu iliyotangazwa ilikuwa kupambana na biashara ya utumwa na kulinda maslahi ya Wajerumani. Hermann Wissmann alikuja mwaka 1889 na askari wa kukodiwa, Wasudani na Washangaa wa Msumbiji. Mei aliivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Bwana Heri alijisalimisha mwaka uliofuata na akasamehewa.

Hapa ndipo falsafa ya Hobbes ilipovaa kofia ya jua. Utawala mpya uliamini kwamba wenyeji hawaelewi lugha nyingine isipokuwa hofu. Kiboko kikawa chombo cha serikali, na adhabu ya viboko 25 ikazoeleka hata ikapewa jina, hamsa ishirini. Hofu ilileta utulivu wa namna fulani. Ila nani alimtisha mtishaji? Carl Peters alipokuwa mkuu Kilimanjaro aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na mwanamke aliyeitwa Jagodia, na ilichukua hadi mwaka 1897 kwa serikali yake kumfukuza kazi. Na utumwa uliotajwa kuwa sababu ya vita haukufutwa na Wajerumani. Waliudhibiti tu, wakaruhusu uendelee kwa masharti.

Kidole kigeuke upande wetu

Mpaka hapa mwandishi Mlutheri anaweza kukaa kwa raha, maana ametaja makosa ya Wakatoliki, ya Waislamu na ya serikali. Haifai kuishia hapo. Shirika la kwanza la misheni ya Kilutheri lililotuma mtu Dar es Salaam lilianzishwa Berlin mwaka 1886, na Carl Peters huyo huyo alikuwa miongoni mwa waliohusika na kuanzishwa kwake. Mmisionari wake, Johann Jakob Greiner, alifika Dar es Salaam mwaka 1887. Injili tuliyoipokea ilikuwa Injili ya kweli. Meli iliyoileta ilikuwa na abiria wengine.

Wala tusimwache Martin Luther mwenyewe. Hakuna aliyefundisha kwa nguvu kuliko yeye kwamba mwamini ni mwenye haki na papo hapo ni mwenye dhambi. Lakini mwaka 1525, wakulima wa Ujerumani walipoasi, Luther aliyeanza kwa kuwakemea wakuu kwa dhuluma yao aliishia kuwahimiza wawapige waasi bila huruma. Maelfu ya wakulima waliuawa. Aliiona dhambi ya mkulima mwenye jembe kwa ukali kuliko dhambi ya mkuu mwenye jeshi. Fundisho lake lilikuwa sahihi, lakini siku ile hakulitumia kwa watu wote.

Mwalimu na miiko yake

Baada ya uhuru, nchi yetu ilipata kiongozi aliyelifikiria swali hili kwa dhati. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 juu ya Ujamaa, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba ujamaa ni tabia ya moyo, na kwamba jamii zetu za asili zilimlea mtu kumwona mwenzake kama ndugu. Unyonyaji ulikuwa mgeni kwetu. Ni imani inayoheshimu sana utu wa Mwafrika, baada ya miaka mingi ya kuambiwa kwamba anaelewa kiboko tu.

Hata hivyo Mwalimu hakuwa mtu wa kudanganyika kirahisi kuhusu viongozi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Aliyeandika miiko hiyo alijua kwamba ndugu akikalia kiti anaweza kusahau undugu. Nikiisoma huwa nakumbuka Kumbukumbu la Torati 17, ambapo mfalme wa Israeli anakatazwa kujiongezea farasi, wake, fedha na dhahabu, na anaagizwa aisome torati siku zote ili moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake.

Lakini miiko ile ilikagua mfuko wa kiongozi, haikukagua uwezo wake wa kuamuru. Mwaka 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na ikapangwa ikamilike kufikia mwisho wa mwaka 1976. Watu wapatao milioni 13 walihesabiwa kuwa vijijini. Wengi walipata shule, maji na zahanati. Wengi pia walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa na watendaji waliotaka kutimiza idadi. Wazo lililoanza na moyo wa ndugu likafikia kwenye lori na moto. Palipokuwa na chama kimoja, na sheria ya mwaka 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila mashtaka, mwananchi angemwambia nani kwamba mkombozi amekosea?

Nasema hivi nikimheshimu Mwalimu. Yeye mwenyewe alikiri kwamba katiba ilimpa madaraka makubwa mno, na mwaka 1985 aling'atuka kwa hiari, jambo ambalo wachache wa kizazi chake walilifanya. Tulinusurika kwa sababu mwenye madaraka alikuwa na dhamiri. Taifa haliwezi kupangwa kwa kutegemea kwamba kila atakayefuata atakuwa nayo.

Hesabu isiyomsahau anayehesabu

Sasa turudi kwenye Maandiko. Mwanzo 1:27 inasema mwanadamu, mume na mke, aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Haitaji kabila wala cheo. Mwanzo 3 inasimulia anguko, na hapo pia haitaji kabila wala cheo. Paulo katika Warumi 3 anakusanya Myahudi na Myunani pamoja chini ya dhambi. Nguvu ya fundisho hili iko katika kutobakiza mtu nje. Hobbes aliamini nusu ya pili, akamwacha mtawala. Rousseau aliamini nusu ya kwanza, akajiacha yeye. Biblia inazishika zote mbili juu ya kila kichwa, kikiwa na taji au na mzigo.

Katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12, nabii Nathani anamwendea Mfalme Daudi na kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini kondoo wake mmoja. Daudi anawaka hasira, anatoa hukumu kali, na hukumu yake ni ya haki. Anajua dhuluma akiiona. Kitu kimoja tu hajakijua, kwamba mtu anayezungumzwa ni yeye. Israeli haikukosa mfalme mwenye hisia za haki. Ilihitaji pia Nathani, mtu anayeweza kuingia ikulu, kumwonyesha kidole mfalme na kutoka akiwa hai.

Augustino naye, aliyeandika Mji wa Mungu kuanzia mwaka 413 huku Roma ikiwa imetekwa, anasimulia juu ya haramia aliyekamatwa na Aleksanda Mkuu. Haramia alimjibu kwamba kazi yao ni moja, tofauti ni kwamba yeye ana chombo kimoja na Aleksanda ana kundi la meli. Watu wa pwani yetu wangekielewa kisa hicho bila mfasiri.

Hapa wanafunzi wangu huniuliza swali la haki: "Mchungaji, tukisema wote ni wenye dhambi, si tunawafunika waonevu? Mfungwa na aliyemfunga wawe sawa?" Hapana. Kusema wote wana ugonjwa si kusema wote wamemwumiza mwenzao kwa kiasi kimoja. Mungu wa Kutoka 3 alisikia kilio cha watumwa, hakusikiliza pande zote mbili kana kwamba ni kesi ya mpaka wa shamba. Dhambi yenye bunduki inaua wengi kuliko dhambi isiyo na kitu, na kwa sababu hiyo mwenye bunduki ndiye anayehitaji kuzuiwa zaidi. Fundisho la dhambi likitumiwa kuwanyamazisha wanyonge, limegeuzwa kichwa chini.

Ufunguo wa sanduku

Ningeweza kuishia kwenye falme, lakini nitakuwa nimemsahau punda niliyempanda. Nilipokuwa kijana katika uchungaji nilihudumia usharika mmoja uliokuwa ukijenga kanisa. Mhazini wetu alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, mwenye sala. Mjumbe mmoja wa baraza la wazee alipendekeza hesabu zikaguliwe kila robo mwaka, na sanduku la fedha liwe na funguo mbili kwa watu wawili. Mimi ndiye niliyekataa. Nilisema kanisani hatuishi kwa kushukiana, na kwamba kumkagua mzee yule ni kumvunjia heshima. Washarika walipenda maneno yangu. Nilijiona mtu wa imani.

Baada ya mwaka na nusu fedha hazikuwapo. Mtoto wake aliugua, alikopa kidogo akikusudia kurudisha, akakopa tena. Mama mmoja mjane aliyekuwa ametoa bei ya mbuzi wake wawili kwa ajili ya mabati aliniuliza yako wapi, nami sikuwa na la kumwambia. Mzee yule aliacha kuja ibadani. Nilipomtembelea aliniambia, "Mchungaji, laiti mngeniuliza mapema." Maneno hayo sitayasahau. Nilidhani nimemheshimu kwa kumwachia ufunguo mmoja. Kumbe nilimwacha peke yake na jaribu lake, nikaiita hali hiyo upendo.

Aliiba, na aliijua dhambi yake. Lakini mimi nilikuwa na dhambi iliyovaa vizuri zaidi: nilipenda kuonekana mwema. Na ukiniuliza kwa nini sikutaka ukaguzi, nitakiri kwamba hesabu zikifunguliwa za mhazini zingefunguliwa na za mchungaji.

Tangu hapo naamini kwamba ukaguzi wa hesabu, uchaguzi wenye ukomo, mahakama zisizoogopa, magazeti yanayouliza na mkutano mkuu unaoweza kumkatalia hata askofu, vyote ni namna za kumpenda mwenye madaraka. Havimwokoi mtu, maana anayeokoa ni Kristo peke yake. Vinamsaidia tu asiangukie mahali ambapo wengi watapondwa pamoja naye. Na kwa kuwa tumehesabiwa haki kwa neema, hatuna sababu ya kuogopa kukaguliwa. Anayejua kwamba amesamehewa anaweza kufungua daftari.

Mwaka 1994, nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya kipindi cha chama kimoja, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lilitoa waraka juu ya siasa, uchumi na jamii uliokuja kujulikana kama Tamko la Bagamoyo. Nafurahi kwamba maneno ya kanisa letu kwa wenye madaraka yana jina la mji huu. Jina hilo linatudai. Likisomwa kwa serikali, lisomwe pia katika ofisi za dayosisi, katika vyuo vyetu, na katika chumba chenye sanduku la sadaka.

Jioni ile Bagamoyo, kabla ya kuondoka, tuliomba pamoja ufukweni. Mwanafunzi aliyeongoza sala hakuombea watawala kwanza. Aliomba kwamba siku watakapotumwa kwenye sharika zao, wakiteremka na mizigo yao na kusema wamekuja kusaidia, Mungu awape mtu wa kuwauliza. Nilisema Amina, na nikatamani ningeomba hivyo miaka mingi iliyopita.